Jiwe la Baba na Jina la Kaisari

Literno, siku ya kumi ya mwezi wa Domitiano

Kwa mdogo wangu Vibio, askari wa Kaisari kwenye mto Danubi.

Kama u mzima, nafurahi. Mimi ni mzima, ukiacha goti, mgongo na akili, ambazo hazikuwa nzuri tangu zamani na wewe ni shahidi.

Habari bila shaka imekufikia kabla ya barua hii, maana kambi husikia kila kitu isipokuwa tarumbeta ya asubuhi. Kaisari Domitiano ameuawa Roma, chumbani mwake, na watu wa nyumba yake mwenyewe. Miaka kumi na mitano ya kutawala dunia imekwisha kwa kisu cha mtumishi. Baraza kuu likakutana upesi, likampa kiti mzee mmoja mpole, likaamuru jina la Domitiano lifutwe popote lilipoandikwa, kwenye ukuta, kwenye shaba na kwenye jiwe, asikumbukwe tena. Hata mwezi huu alioupa jina lake unarudi kuitwa Oktoba. Hapo juu nimeandika jina lile kwa heshima yako. Nikimwandikia dada Polla nitaandika Oktoba. Usinicheke. Mtu mwenye dada kama yule na mdogo kama wewe lazima awe na kalenda mbili.

Sasa sikia yaliyonipata. Mwaka jana nilikuandikia kwamba nimechonga tao la barabara mpya, ile aliyoipitisha Domitiano katikati ya kinamasi chetu, tukaacha kufika Puteoli tukiwa na tope mpaka kiunoni. Herufi zile zilikuwa nene kama mapaja yangu, na mapaja yangu unayajua. Basi juzi baraza la mji limeniita. Diwani Hosidio, yeye ambaye siku ya kuzindua tao alilia kwa furaha mpaka akashikwa na kwikwi, akaniambia jina la yule mnyama liwe limetoka kabla ya sikukuu. Nikauliza mnyama gani. Akanitazama kana kwamba ni mimi niliyelia. Tangu hapo niko juu ya ngazi, nafuta kazi ya mikono yangu. Nimegundua kwamba nafuta vizuri kuliko ninavyochonga. Wangeniambia mapema ningejifunza hiyo tu.

Kinachonisumbua ni jiwe la Baba. Wewe umeliona mara moja, ulipokuja kwa ruhusa. Mstari wa tatu unasema Domitiano Kaisari alimvika mkufu na vikuku kwa ushujaa katika vita vya Germania. Ndiyo sifa pekee iliyopo pale, mengine yote ni umri na miaka ya jeshi. Amri inasema kila jiwe, lakini hakuna diwani atakayekwenda makaburini kukagua, wanaogopa mbu. Kwa hiyo shauri ni letu sisi watatu, na sisi watatu hatujawahi kukubaliana hata juu ya chumvi ya mchuzi.

Umebakiza mwaka mmoja na kidogo jeshini. Dada naye anasema Roma imemchosha. Tangu mke wangu afariki nakaa peke yangu katika nyumba ya Baba, naongea na mawe, na mawe hayana adabu. Ninataka jambo moja tu kabla sijazeeka vizuri: nyote wawili muwe hapa, niwasikie mkigombana. Niambie unaonaje kuhusu lile jina.

Kaka yako Trebio,
fundi wa kuchonga, na siku hizi wa kufuta.


Roma, tarehe kumi na tano Oktoba

Kwa Trebio mdogo wangu.

Mimi mzima. Wiki ya nne sasa tangu auawe, na ni mara ya kwanza kuandika neno hilo kwa kweli kwa miaka mitatu. Barua yako juu ya jiwe la Baba nimepata.

Nilikwenda kutazama walivyoziangusha sanamu zake. Wazee wa heshima wa baraza kuu, wenye kanzu za mistari, walileta ngazi wakagombania kamba kama watoto. Nilidhani nitacheka. Jirani yangu aliokota kipande cha pua ya shaba akanipa, akasema, "Chukua, mama, wewe ndiye unayestahili." Nimekaa nacho siku tatu sijui nikifanyie nini. Nimekiweka dirishani, njiwa wanakikalia.

Wanaomlaani sasa ni walewale waliompigia makofi, Trebio. Inaniudhi kuwa upande mmoja nao. Na zaidi ya hilo, kuna jambo sijapata kumwambia mtu. Mume wangu Karisio alimpenda yule Kaisari. Maktaba zilipoungua, Domitiano alizijenga upya, akatuma wanakili mpaka Aleksandria wakanakili vitabu vilivyopotea, na mume wangu alikuwa mmoja wao. Alirudi ana wino mpaka masikioni, akimsifu Kaisari mpaka nikamwambia basi akaolewe naye. Halafu mtu mmoja akaandika historia yenye mafumbo ndani yake, na Karisio akainakili, kama alivyonakili vitabu vya dawa na vya mapishi. Mwandishi akauawa. Nasema sawa, wafalme ndivyo walivyo. Lakini wakawaua na wanakili. Unamuua vipi mtu kwa sababu ya mwandiko mzuri?

Majivu yake yamo katika chungu chini ya kitanda changu, ghorofa ya tano, juu ya duka la samaki. Nataka alale kaburini kwetu, kando ya Baba, ambaye alimpenda kuliko alivyotupenda sisi. Nitamleta Februari, siku za wafu, na nikishamleta sitarudi Roma tena. Lakini sitamlaza chini ya jina la mtu aliyemuua. Lifute, kisha niandikie.

Vibio msalimie. Karisio alipokamatwa nilimwandikia Vibio amwendee jemadari wake, kwa kuwa yule jemadari alikuwa akisikilizwa ikulu. Barua haikufika. Simlaumu, Danubi ni mbali. Lakini katika hili la jiwe usimsikilize.

Dada yako Polla.


Kambini, ukingoni mwa Danubi, siku ya tano ya Novemba

Kaka Trebio,

Barua nimepata. Ahsante kwa mwezi.

Hapa watu walilia. Wanaume wenye makovu usoni walikaa chini kwenye theluji wakalia. Wengine walichomoa panga, tukataka kwenda Roma usiku uleule, ila hapakuwa na wa kutuongoza. Sasa tumeambiwa tuape kwa jina la mzee yule mpole. Tumeapa. Mdomo ni wa serikali.

Wewe ulimjua kama herufi, kaka. Mimi nilimwona. Alikuja huku mwenyewe, wakati wa baridi ya kugandisha mate, akasimama kwenye mstari wetu, akaonja uji wetu, akatema, akamwita mpishi. Siku iliyofuata uji ulikuwa na mafuta. Kabla yake nani alikuja? Tulikuwa tunalipwa alicholipwa babu. Mahakimu wala rushwa walikuwa hawalali kwa kumwogopa. Wazee wa Roma walimchukia kwa sababu aliwatetemesha kama wao wanavyotutetemesha sisi. Kwangu alikuwa shujaa, na aliyekufa kwa kisu cha mtumishi hapungui chochote.

Kuhusu shemeji sisemi. Nilisikitika.

Jiwe la Baba usiliguse. Baba alikuwa akiuvaa ule mkufu hata akienda chooni, unakumbuka. Ukimfuta aliyempa, umemfanya Baba mtu aliyeokota mkufu njiani. Nimeapa kwa jina lile kila Januari, miaka kumi na mitano. Ukiliondoa, nikimaliza jeshi sina kwa kurudi.

Vibio.


Literno, tarehe mbili Desemba

Dada yangu mpendwa Polla,

Lile jambo lako limekwisha. Ukisimama leo mbele ya jiwe la Baba, mstari wa tatu huoni jina lile. Pamekuwa laini kama kipara changu, na kipara changu utakiona ukija, kimepanuka kama mji wenye amani. Nilifanya kazi hiyo mwenyewe, peke yangu, nikiwa na huzuni kidogo, maana zile herufi nilizichonga wakati mkono wangu ulikuwa haujaanza kutetemeka. Lakini yamekwisha.

Mlete shemeji. Nimeshachimba mahali pake, mkono wa kulia wa Baba, pana kivuli. Chumba chako nimekipaka rangi. Ni rangi iliyobaki kwenye bafu la mji, kwa hiyo utalala ndani ya bahari na samaki wawili, wa tatu nilishindwa kummaliza.

Vibio hajambo. Anakusalimu.

Mdogo wako Trebio.


Literno, siku ya pili ya Desemba

Mdogo wangu Vibio,

Tulia, ondoa mkono kwenye upanga. Jina lipo. Sikuligusa kwa patasi. Nimelifunika tu: unga wa marumaru, chokaa kidogo na gundi nyepesi, nikajaza herufi moja moja, nikalainisha juu. Mtu akipita haoni kitu. Sikutia chokaa nyingi makusudi, ili siku utakayokuja uikwangue kwa ukucha, na litatoka jekundu kama nilivyolipaka. Baba atakuwa na mkufu wake na aliyempa.

Usimwandikie dada juu ya hili. Ana majivu ya mumewe chini ya kitanda na anataka kuja kuyazika. Mwache azike. Atakaa hapa, ataona jiwe laini, moyo wake utatulia. Wewe utakuja, utajua kilicho chini yake, na moyo wako utatulia. Na mimi nitakula katikati yenu. Ni mpango wa mwoga, najua, lakini hata mwoga hushiba.

Miguu ifunge vizuri, baridi hiyo.

Kaka yako Trebio.


Roma, tarehe ishirini Januari

Trebio,

Barua yako ilichelewa kufika, nikaisoma mara nne. Sikutegemea. Nilijiambia Trebio atasema ndiyo kwangu na ndiyo kwa Vibio, kisha atajificha nyuma ya goti lake. Nisamehe kwa kukudharau. Kulifuta jina ulilolichonga mwenyewe, juu ya Baba, na kumkasirisha mdogo wako kwa ajili ya mume wangu. Sikujua una hicho kitu ndani yako.

Chumba cha Roma nimekirudisha. Vyombo nimewagawia majirani, na ile pua nimempa mtoto wa muuza samaki, anaifungia mlango. Nakuja kabla ya siku za wafu. Nimemwambia Karisio. Usicheke, wewe unaongea na mawe.

Samaki wa tatu nitammalizia mimi.

Polla.


Literno, siku ya ishirini na mbili ya Februari

Vibio mdogo wangu,

Nina habari, na safari hii nakuandikia bila kwanza kujiuliza unapenda kusikia nini. Nivumilie, sina mazoea.

Polla alikuja siku ya kumi na saba, kwa gari la nyumbu, chungu amekipakata. Kwa siku nne nyumba hii ilikuwa na sauti. Alikisema kipara changu, alikisema chakula changu, alipanga upya jiko mpaka leo sijaona chumvi iko wapi. Alimmalizia samaki wa ukutani, akamtia meno. Nilikuwa nikikaa mlangoni nikimsikiliza akigombana na sufuria, nikasema moyoni kwamba nusu ya kazi imekwisha, bado wewe.

Jana, siku ya mwisho ya wafu, tukaenda kaburini. Sikia ujinga wangu. Miaka minane mimi ndiye ninayekwenda, na kila mwaka hupeleka ngano, chumvi, mkate uliolowekwa divai na maua, naweka, namwambia Baba habari za mji, narudi. Nikasahau kwamba binti huliosha jiwe la baba yake. Si kwamba sikujua. Mama aliliosha la babu na sisi tulimwona. Nilisahau kwa sababu pale hapakuwa na binti. Polla alichemsha maji jikoni mwangu, mbele ya macho yangu, akatia divai na maziwa ndani ya mtungi, na mtungi ulipokuwa mzito akaniita, nikaja nikaubeba mimi mwenyewe.

Akapiga magoti akaanza kuosha. Alikuwa akimsimulia Baba juu ya safari. Alipofika mstari wa tatu, chokaa ikaanza kutiririka nyeupe, nikadhani ni maziwa, nikaomba yawe maziwa. Kisha herufi zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine, nyekundu vilevile. Na unajua nilijiambia nini, miungu inisamehe? Nilijiambia, kazi nzuri hii.

Hakupiga kelele. Alimaliza kuosha jiwe lote mpaka chini, kwa kuwa lilikuwa la Baba. Akakamua kitambaa. Ndipo akaniuliza, "Na Vibio ulimwambiaje?"

Nikamjibu kwamba lipo.

"Na mimi, kwamba halipo."

Nikasema nilitaka nyote wawili mrudi. Nikasema na mambo mengine, juu ya amani, juu ya kuzeeka, hata juu ya goti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Wewe hata mwongo si mwongo, Trebio. Mwongo ana upande."

Akachukua chungu pale nilipokuwa nimekiweka, kando ya shimo nililochimba, akasimamisha gari la kwanza lililopita kwenda Roma. Nilimkimbilia kidogo. Goti likakataa. Gari likatoweka upesi, barabara ile ni nzuri sana.

Nikarudi na nyundo. Sikufuta kama ninavyofuta mjini, kwa mpango. Nilipiga. Jina la Domitiano halipo tena, Vibio, limetoka kabisa, na mahali pake pana shimo linaloingia kiganja. Pigo moja nililikosea, ufa ukapanda mpaka kwenye jina la Baba. Miaka thelathini ya ufundi sijapata kulipasua jiwe.

Nimekwambia ukweli. Dada nimemwandikia pia. Sasa nakuomba, na sikuombi kama fundi wala kama kaka: alikuwa shujaa kwako, alikuwa dhalimu kwake, mimi sikuwahi kujua alikuwa nani, nilichonga tu. Lakini amekufa, na sisi bado tuko watatu. Njoo nyumbani.

Trebio.


Roma, tarehe kumi na nne Machi

Trebio,

Umelifuta kwa sababu nililiona. Ningetaka ulifute kwa sababu lilikuwapo.

Sikasiriki tena, usiwe na wasiwasi; hasira iliniishia njiani, Kapua au karibu na hapo. Nilichobaki nacho ni uchovu. Nilidhani kuna mtu mmoja duniani aliyemchagua Karisio. Niliishi na wazo hilo wiki tano, lilikuwa zuri, nakushukuru kwa hizo wiki.

Chumba changu walishampa mtu. Nakaa na mjane mwenzangu, mke wa fundi viatu. Karisio nimemweka kwenye tundu la ukuta wa chama cha mazishi cha wanakili, safu ya nne kutoka chini. Nikipanda kigoda mkono wangu unafika. Kibao chake ni kidogo, kina jina tu na kazi. Mchongaji ni kipofu wa jicho moja na herufi zinapanda kilima, lakini aliniuliza maswali juu yake kabla ya kuanza. Nimechukua na tundu la pembeni, la kwangu.

Shimo ulilochimba lifukie, mbuzi wasivunjike miguu.

Polla.


Kambini, siku ya tisa ya Aprili

Kaka,

Nimesoma. Nilijua utalifuta siku moja, nilikuwa nahesabu tu.

Umesema umeniambia ukweli. Basi na mimi nikupe wangu, tuwe sawa.

Barua ya dada ilifika. Ile ya miaka mitatu iliyopita. Ilifika siku njema, hali ya hewa safi, barabara kavu. Shemeji alikuwa bado hai gerezani. Jemadari alipita mbele yangu siku tatu, karibu kama nilivyo na meza hii. Siku moja hata aliniuliza kwa nini nimekunja uso. Nikamwambia jino. Wakati ule mtu aliyemtetea mnakili aliulizwa amesoma nini. Siku ya nne niliichoma barua, na nilipokuja kuulizwa nikasema haikufika.

Nilijiambia Kaisari ana sababu zake. Ilinibidi awe nazo, nisingeweza kuendelea kula chakula chake. Ndiyo maana nilikuandikia usiguse jiwe. Haikuwa kwa ajili ya Baba. Kama yule mtu alikuwa shujaa, basi mimi nilitimiza wajibu. Kama alikuwa dhalimu, kaka, niambie mimi nilikuwa nani. Lilipokuwa jiweni, kwa mkono wako, juu ya Baba, nilikuwa na jibu. Sasa umeniandikia pana shimo.

Unataka nije nikae meza moja na Polla, anipe mkate kwa mkono wake. Sitakuja. Nikimaliza watanipa kipande cha ardhi hukuhuku ukingoni, udongo mbaya, nitalima turnipi, ile mizizi ya nchi za baridi. Kuna mwanamke wa huku ananivumilia.

Usimwambie dada. Hicho tu ndicho ninachokuomba. Na usiniandikie tena, maana nitajibu.

Vibio.


Literno, tarehe ishirini na tatu Februari, mwaka uliofuata

Dada yangu Polla,

Hii ni barua ya nne. Tatu hukuzijibu, na una haki, zilikuwa ndefu. Hii nitajitahidi.

Vibio amemaliza jeshi salama. Anakusalimu sana, anakuulizia kwa upendo. Miguu yake imeharibika kwa baridi, waganga wamemkataza safari, kwa hiyo atakaa kulekule ukingoni, amepewa shamba zuri. Anasikitika kwamba barua yako ya wakati ule haikumfikia. Ameniomba nikuambie hivyo.

Huku hakuna jipya. Mzee yule mpole naye amefariki mwezi uliopita, na diwani Hosidio ameshanipandisha tena juu ya tao, nichonge jina la Kaisari mpya ndani ya shimo la yule wa zamani. Analia tayari. Nimemwonya kwamba jiwe limekuwa jembamba, likifutwa mara nyingine litatokea upande wa pili. Akaniambia huyu ni mwema, hatafutwa. Nikasema vizuri.

Shimo la shemeji nimelifukia. Chumba chako kipo, nakifagia. Yule samaki mwenye meno ananitazama nikifagia.

Juzi, siku ya mwisho ya wafu, nilikwenda kwa Baba peke yangu. Nilipeleka maji ya vuguvugu, divai na maziwa, nikapiga magoti nikaliosha jiwe mimi mwenyewe, vibaya, kama mwanamume anavyoosha. Maji yalikuwa yakiingia katika shimo la mstari wa tatu na kukaa humo. Unajua, miaka minane jina lile lilipokuwapo hakuna mpita njia aliyewahi kusimama kulisoma. Tangu nilipolitoa wanasimama wote.

Basi akapita mzee mmoja juu ya punda, amevaa viatu vya jeshi vilivyochakaa, na kifuani amening'iniza kibweta cha kalamu, kwa hiyo sikuweza kujua ni askari au ni mwandishi. Akasimama. Akasoma polepole kwa sauti, jina la Baba na ule ufa, umri wake, miaka yake. Akafika kwenye shimo akaishia hapo. Kisha akaniuliza, "Hapa palikuwa na yule Domitiano, siyo? Na marehemu huyu, alikuwa mtu wake?"

Nikamtazama usoni nione anataka jibu lipi. Uso wake haukuonyesha kitu, dada. Nilitafuta sana, haukuonyesha kitu chochote.

Nikamwambia mimi ni fundi tu, nimetumwa kusafisha, wenye kaburi hili siwajui.

Akaitikia kwa kichwa, akamgusa punda kwa kisigino, akaenda zake.

Mdogo wako,
Trebio.